Tarumbeta Nyuma ya Pazia: Spika za Kale na Usikikaji wa Neno Katika Majumba ya Sinema

Ni ajabu kwamba katika enzi hii ya mitambo ya kidijitali, mtazamaji hutoka katika jumba la sinema masikio yakimvuma kwa mishindo ya mabomu, ilhali maneno ya wahusika yamempita. Filamu za Christopher Nolan, Interstellar (2014) na Tenet (2020), zililalamikiwa hivyo na watazamaji wengi; mwongozaji huyo akajitetea kuwa hayo yalikuwa makusudi ya kisanaa. Hata hivyo, maneno hupotea pia katika filamu zisizo na makusudi kama hayo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi spika za kale za sinema zilivyoundwa ili kulibeba neno, na kwa nini neno lilo hilo hufifia katika kumbi zenye nguvu nyingi zaidi za umeme.

Kwanza, suala la istilahi. Neno "kipaza sauti" limebebeshwa mzigo wa dhana mbili: chombo anachokishika msemaji na chombo kinachoitoa sauti yake ukumbini. Ili kuepuka utata, tutatumia "spika" kwa hicho cha pili.

Mwanafunzi wa fonetiki anafahamu kuwa irabu hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya usemi, lakini konsonanti ndizo aghalabu hubainisha maana. Chukua maneno kaa, paa, saa na taa. Yote yana irabu zile zile. Kinachoyatenga ni konsonanti ya mwanzo tu, ambayo hudumu kwa muda mfupi mno na ambayo sehemu muhimu ya nguvu yake iko juu ya hezi 2,000. Simu ya zamani ilipitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 pekee, na watu wakaelewana. Kwa hivyo neno halihitaji upana mkubwa wa masafa. Linahitaji eneo hilo la kati lifike likiwa safi.

Wahandisi wa Marekani wa miaka ya 1920 walilikabili tatizo hili wakiwa na umeme haba. Filamu The Jazz Singer ilipoonyeshwa mwaka wa 1927, vikuza sauti vya vali vilitoa wati chache tu, na kumbi nyingine zilikuwa na viti zaidi ya 2,000. Wente na Thuras wa maabara ya Bell walikuwa wameunda kitoa sauti kilichouzwa na kampuni ya Western Electric kwa jina 555: kiwambo chepesi cha chuma kikisukumwa na koili ndani ya sumaku, mbele yake pakiwa na tarumbeta kubwa. Aliyewahi kusikia baragumu au kusoma habari za siwa ya Pate ataelewa kanuni yake. Midomo ya mpigaji ikitikisika peke yake hutoa mlio hafifu, kwani hewa huiponyoka. Mfereji wa pembe huibana hewa hiyo kooni na kuipanua polepole hadi mdomoni, na nguvu kubwa zaidi ya mtikisiko hugeuka kuwa sauti. Spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme wake kuwa sauti. Spika ya tarumbeta huweza kupita kiwango hicho mara kumi na zaidi. Isitoshe, tarumbeta huelekeza sauti kwa watazamaji badala ya kuitawanya darini na kutani, ambako ingerudi kama mwangwi na kuzimeza konsonanti.

Hatua iliyofuata ilitokana na dosari. Mifumo iliyogawa kazi baina ya tarumbeta ya sauti nzito na ile ya sauti nyembamba ilikuwa na njia za urefu tofauti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo tofauti ya mita 2.5 huleta kuchelewa kwa milisekunde 7 hivi. Katika muziki wa polepole huenda asiligundue mtu. Katika ngoma ya viatu, kishindo kimoja cha kisigino husikika kama viwili. Kikundi cha Douglas Shearer katika studio za MGM, wakiwemo John Hilliard na James B. Lansing, kilitengeneza mfumo ambamo njia hizo zilikaribiana na kazi ikagawanywa kwenye hezi 500. Ulitunukiwa tuzo ya kiufundi ya Akademia ya Hollywood kwa mwaka wa 1936. Kutokana nao zilizuka spika za kampuni ya Altec Lansing za mwaka wa 1945, zilizopewa jina la "Sauti ya Ukumbi", ambazo zilitumika katika majumba mengi kwa miongo kadhaa.

Hapa sharti tuwe waadilifu, maana wapenzi wa vitu vya kale hupenda kutia chumvi. Spika hizo hazikuweza kutoa mngurumo wa chini kabisa, na nyembamba za juu zilikatwa kwa makusudi: kanuni ya Akademia ya mwaka wa 1938 ilizipunguza ili kuficha mchakaro wa ukanda wa filamu. Lakini kilichobaki ndicho hasa kilichohitajiwa na usemi.

Mfumo wa Dolby Stereo wa miaka ya 1970 uliupunguza mchakaro huo, na sauti ya kidijitali ya Dolby iliyoingia na filamu Batman Returns mwaka wa 1992 ikapanua sana umbali baina ya mnong'ono na mlipuko. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa upya. Filamu husawazishwa studioni kwa kiwango maalumu, desibeli 85 kwa kila spika kuu ya mbele, ambacho katika mitambo ya Dolby huwakilishwa na namba 7. Watazamaji wakilalamikia kelele, hasa za matangazo na vionjo vya filamu zijazo, msimamizi huteremsha hadi 5 au chini yake na kuacha papo hapo. Mlipuko uliopunguzwa bado ni mlipuko. Mnong'ono uliopunguzwa hufunikwa na mashine ya kupoza hewa na mlio wa bisi zinazotafunwa. Hakuna spika, ya kale wala ya kisasa, inayoweza kuponya hilo.

Kuna na sababu nyingine isiyotajwa sana. Katika kumbi za leo, karibu mazungumzo yote hutoka kwenye spika moja tu, ile ya katikati nyuma ya pazia lenye vitundu. Kitoa sauti chake cha juu kikichakaa, muziki na milipuko bado itatoka kushoto, kulia na ubavuni, na ukumbi utaonekana mzima. Ni konsonanti pekee zitakazokosekana. Katika ukumbi mmoja niliketi saa mbili nikidhani Kiingereza changu kimeniishia, hadi nilipoitazama filamu ile ile kwingineko na kusikia kila neno. Msomaji akipatwa na hali hiyo, asikilize kwanza sauti ya "s" katika midomo ya wahusika. Ikiwa butu, kama inayotoka chini ya blanketi, na aende kumwambia mwendeshaji mitambo aikague spika ya katikati.