Maziwa ya Mgando Hayazibi Jino Lililotoboka

Huenda umesikia kwamba maziwa ya mgando ni dawa ya meno. Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini usiyategemee.

Jino huozaje? Kinywani mwako mna bakteria, yaani wadudu wadogo sana ambao huwezi kuwaona kwa macho. Ukila sukari, nao hula. Kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo hula gamba gumu la jino polepole, mpaka jino linatoboka.

Maziwa ya mgando nayo yana bakteria. Hao ndio wanaoyagandisha, na wengi wao hawana madhara. Wataalamu wamejaribu kutumia bakteria wa namna hiyo ili kuwapunguza wale wanaoozesha meno. Katika majaribio mengine walipungua, katika mengine hawakupungua. Lakini hakuna bakteria anayeziba tundu. Gamba la jino halioti tena kama ukucha.

Basi kunywa mgando, ni chakula bora. Ila usitie sukari! Wengine hutia vijiko vitatu, kisha hushangaa meno yakiuma.

Piga mswaki mara 2 kwa siku, hasa kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Jino likianza kuwa na doa jeupe, floridi husaidia kulikaza. Likishatoboka, nenda kwa mganga wa meno mapema. Tundu dogo huzibwa. Ukichelewa, huenda jino likang'olewa.

Uso ukivimba, au ukipata homa, usingoje. Usaha wa jino unaweza kusambaa mwilini na kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.