Umezoea kompyuta ya mezani? Soma hapa kabla hujanunua kishikwambi cha shambani

Maswali ya mbolea yamepumzika kidogo, sasa hivi watu wananiuliza vishikwambi. Na wengi wanaouliza si wageni wa teknolojia. Ni makatibu wa AMCOS, wenye mashamba makubwa na maafisa ugani wenzangu, watu waliokaa na kompyuta ya mezani miaka kumi. Leo naongea na ninyi. Anayeanza kabisa huuliza kila kitu dukani. Ninyi mnafika mkiwa na vigezo vyenu kichwani, na vigezo hivyo ni vya kompyuta: prosesa, ukubwa wa hifadhi, ukubwa wa kioo. Hapo ndipo hela inapotea.

Katibu mmoja wa chama aliniambia wanataka kuuza kompyuta ya ofisi wanunue kishikwambi, kabla msimu wa ufuta haujawakuta. Nikamuuliza: daftari la wanachama liko wapi? Liko kwenye Excel. Kuna kijana aliwatengenezea vitufe, unabonyeza kimoja tu, inajumlisha kilo, inakata makato, inatoa orodha ya malipo. Sasa vile vitufe vinaendeshwa na makro, na Excel ya Android au ya iPad haiendeshi makro. Faili litafunguka, majina utayaona yote, lakini kitufe ukikibonyeza kimya. Kama daftari lenu liko kwenye Access ndiyo kabisa, maana Access haina toleo la Android wala la iPad. Ongeza na printa: ile ya zamani ya waya mara nyingi haielewani na kishikwambi. Piga picha siku ya malipo, wanachama wamejaa chini ya mwembe wanasubiri hela zao, na orodha haitoki.

Nikamwambia kompyuta isiuzwe. Kishikwambi kiende shambani na kwenye mzani, hesabu zimalizikie ofisini kwenye mashine iliyozijua siku zote. Ndiyo ushauri wangu kwa chama chochote chenye mfumo unaofanya kazi.

Wapo watakaosema, si kuna vishikwambi vya Windows? Vipo, mfano Surface Go, na Excel yake ni ile ile ya ofisini, makro zinaenda. Ila bei imesimama, na vingi havina GPS ndani. Kwa mtu ambaye kazi yake ni hesabu akiwa safarini, sawa. Kwa kuzungukia mashamba, mimi hapana.

Tuje kwenye GPS, kwa sababu hapa nimeona wengi wanaumia. Kompyuta ya mezani haitembei, kwa hiyo mtu aliyeizoea hana mazoea ya kuuliza kifaa kinajuaje kiko wapi. Ukinunua iPad ya Wi-Fi peke yake, haina kipokezi cha GPS. GPS iko kwenye zile zinazopokea mtandao wa simu. Kwenye Android inategemea: vipo vya Wi-Fi vyenye GPS na vipo visivyo nayo, na muuzaji atakuonyesha ramani ikifanya kazi pale dukani, wakati inajikisia kwa Wi-Fi ya duka. Kipime hivi. Toka nje, zima data na Wi-Fi, washa programu ya GPS, subiri mahali pa wazi. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa. Isipokamata setilaiti hata moja, rudisha.

Na hata ikikamata, usiiamini kama utepe. Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 ni kama mita za mraba 4,047. Robo ekari ya mraba ina upande wa karibu mita 32. Ukiizunguka na kifaa kikakuvuta mita 3 ndani kila upande, unabakiwa na mita 26 kwa 26, yaani theluthi moja ya shamba la mtu imepotea kwenye karatasi. Mbegu na mbolea zikigawiwa kwa kipimo hicho, mkulima ndiye anayepunjwa. Vipande vidogo endelea kupima kwa kamba.

Kioo sasa. Mtu wa kompyuta hutaka kikubwa, na mimi nasema angalia mwanga kwanza. Ofisini hukuhitaji mwanga mkali. Shambani saa sita mchana, kioo cha niti 250 unaona uso wako tu. Tafuta 400 na kuendelea. Kama muuzaji hajui niti ni nini (wengi hawajui, usimlaumu), kitoe juani na ujaribu kusoma maandishi madogo. Kuhusu ukubwa kuna jambo wachache wanalijua: Word na Excel za vishikwambi huruhusu kuhariri bila kulipia, kwa matumizi binafsi, kioo kikiwa inchi 10.1 au chini ya hapo. Kikizidi, unatakiwa kulipia Microsoft 365. Na kazi za chama au biashara zinahitaji usajili vyovyote vile, kwa hiyo liingizeni kwenye bajeti. Mimi natembea na cha inchi 8, kinashikika kwa mkono mmoja nikiwa na jani la mahindi mkono wa pili.

Joto nalo. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Juu ya tangi la pikipiki juani tunazidi hapo bila taabu, na hali si nzuri zaidi kwa vingine. Kiweke kwenye begi, kivulini. Mikono iliyolowa pia inavuruga kioo cha kugusa, beba kitambaa.

Mengine nayapitia haraka. RAM isipungue GB 4. Hifadhi ya GB 64 inatosha kama kuna tundu la kadi ya kumbukumbu, msilipie kubwa kwa mazoea ya kompyuta, maana fomu na picha za shambani hazijazi haraka. Laini ya simu iwemo. Chaji iwe ya USB-C, na iwe inapokea flashi, kibodi na kipanya kwa waya. Toleo la Android liwe jipya kadiri mnavyoweza kumudu. Kwa fomu za wakulima tumieni KoboCollect au ODK Collect, ni za Android na zinajazwa bila mtandao, unatuma ukifika kwenye mnara. Wenye QGIS ofisini, QField ndiyo ndugu yake wa shambani, ramani zenu zinahamia humo.

Na kabla ya kulipa kwa chochote chenye laini, tafuta IMEI kwenye mipangilio (au bonyeza *#06# kama kinapiga simu) ulinganishe inayotokea na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, acha kifaa mezani uondoke.