Ni kifaa kipi nyumbani kinachostahili betri ya kuchaji?

Kwa miaka mingi mkazi wa Nyeri hakuwa na haja ya kufikiria sana kuhusu betri. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichofunguliwa mwaka wa 1967, kilizitengeneza hapa nchini hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Siku hizi kaunta moja mjini Karatina inaweza kuwa na aina nne za betri za saizi ya AA, zote zikilingana kwa umbo, lakini bei zikipishana sana. Kulipa zaidi kuna faida kwa baadhi ya vifaa tu.

Ya bei nafuu zaidi ni ile ya zinki na kaboni. Inafuatwa na ya alkalini, ambayo hudumu muda mrefu zaidi, hasa kwenye kifaa kinachovuta umeme mwingi, na inaweza kukaa miaka kadhaa dukani bila kuharibika. Zote mbili zina volti 1.5 na zikiisha zimeisha. Wengi wetu tumelelewa tukiona betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu. Joto huamsha tu kemikali iliyosalia kwa muda mfupi, halirudishi umeme uliotumika. Zaidi ya hayo, zinki ambayo ndiyo ganda la betri huwa imeshaliwa, na maji yake huvuja na kuharibu redio yenyewe.

Upande wa betri za kuchaji, iliyozoeleka ni ya nikeli, inayoandikwa NiMH. Ina volti 1.2, lakini tochi na redio nyingi huikubali bila shida. Huchajiwa mamia ya mara. Zamani ilikuwa na sifa mbaya ya kupoteza chaji ikiwa imekaa tu kwenye droo, lakini tangu mwaka wa 2005 zimekuwepo zinazohifadhi chaji kwa miezi mingi. Mpya zaidi ni ya lithiamu yenye tundu la USB ubavuni, ambayo unachaji kwa waya wa simu. Hutoa volti 1.5 bila kushuka mpaka chaji iishe, kisha huzima ghafla. Kwa tochi ya kupitia njia ya msituni usiku, hilo si jambo dogo. Pia sakiti iliyo ndani yake inaweza kuleta mngurumo kwenye redio ya AM.

Tuje kwenye pesa. Anayekamua saa kumi na moja alfajiri, au anayekesha Kieni akilinda mahindi, humaliza betri haraka. Tuseme jozi ya alkalini ni shilingi 200 na anaibadilisha kila wiki mbili: kwa mwaka ni jozi 26, yaani shilingi 5,200. Jozi ya kuchaji pamoja na chaja yake ikimgharimu shilingi 2,500, itakuwa imejilipa kabla ya miezi sita. (Bei hizi ni za mfano, weka za duka lako.) Gharama ya stima ni ndogo mno: uniti moja inatosha kuchaji takriban betri 200 za AA.

Saa ya ukutani ni hadithi nyingine. Betri moja ya alkalini huiendesha mwaka mzima au zaidi, na rimoti ya televisheni ni vivyo hivyo. Hapo betri ya kuchaji haikuokolei chochote cha maana. Nunua alkalini, na uiangalie mara moja moja isije ikavuja.

Baridi nayo ina mchango wake. Waelekezi na wapagazi wa Naro Moru wanaopanda kuelekea Point Lenana, mita 4,985, hutembea gizani kabla ya mapambazuko, kukiwa na barafu. Kwenye baridi hiyo alkalini hudhoofika sana, ilhali NiMH hustahimili zaidi. Betri ya lithiamu nayo isichajiwe ikiwa imeganda. Isubiri ipate joto kwanza.

Unaponunua, soma ganda. NiMH ya AA iliyoandikwa 5000 mAh ni ya uongo. Nzuri huwa karibu na 2000, na zilizo bora kabisa hazifiki 3000. Jihadhari pia na lithiamu ya volti 3.7 iliyoandikwa 14500. Inaingia sawasawa mahali pa AA, na inaweza kuunguza redio au mwanasesere wa mtoto. Usiweke alkalini kwenye chaja ya NiMH, kwani inaweza kuvuja au kupasuka.

Zilizokwisha zisitupwe chooni, shambani wala motoni. Lithiamu inayogongwa au kutobolewa ndani ya lori la taka inaweza kuwaka. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inamtaka mtengenezaji au mwagizaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutumika, na jijini Nairobi kituo cha WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Kabla hujapata pa kuzipeleka, funika ncha zake kwa selotepu, uziweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, mbali na watoto. Betri bapa za vidonge, zile za saa za mkononi, ziwekwe juu zaidi. Mtoto akimeza moja, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili.