Mbu wa Saa Tano

Katika vijiji vya bonde la Kilombero, kunasa mbu kwa ajili ya utafiti huanza giza linapoingia na huweza kuendelea hadi kunakucha. Idadi ya mbu huandikwa kwa kila saa. Mkusanyaji akiandika 5 kwenye fomu, mtu yeyote wa Ifakara ataelewa kuwa ni saa tano usiku. Kompyuta haitaelewa hivyo. Kwake hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, na mbu aliyenaswa watu wakiwa ndani ya vyandarua anahamishiwa muda ambao wengine wameshaanza kuamka.

Kosa hilo linaweza kupotosha sayansi yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha takwimu za Kilombero za 1997, 2004 na 2009, ulionyesha kuwa vyandarua vyenye viuatilifu vilipoenea, sehemu kubwa zaidi ya mbu waliosalia iliuma nje ya nyumba na mapema jioni. Hitimisho kama hilo lote limesimama juu ya safu moja: ya saa.

Taasisi ya Afya Ifakara, iliyochipuka kutoka maabara ndogo iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ina takwimu nyingi za aina hii. Tangu 1996 imefuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa kaya za bondeni, na miradi yake ya mbu ni mingi. Kwa watafiti wengi, lahajedwali ya Excel ndiyo kituo cha kwanza cha takwimu baada ya fomu. Kutoka hapo zinatakiwa kuingia kwenye kanzidata, ambako watafiti wengi wanaweza kuziuliza maswali kwa pamoja. Kazi ya kuzivusha hufanywa na maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao mtengenezaji wa mfumo huuazima: openpyxl kwa wanaotumia Python, PhpSpreadsheet kwa PHP, Apache POI kwa Java.

Maktaba hizo hufanya kazi ngumu. Faili la xlsx ni furushi lililobanwa, lenye mafaili madogo ya XML ndani yake. Maneno yanayojirudia huhifadhiwa mara moja kwenye orodha, na kisanduku hubeba namba ya kuyatafutia. Tarehe nayo ni hesabu ya siku tu: 1 Januari 2024 imeandikwa 45292, na mtindo wa kisanduku ndio pekee unaodokeza kuwa hiyo ni tarehe. Maktaba hulifungua furushi na kukabidhi kilichomo, mstari kwa mstari. Inasoma kilichoandikwa; kilichokusudiwa haikioni.

Chukua jina la kijiji cha Mang'ula, au Kining'ina kilicho jirani na mji wa Ifakara. Ile alama ya ng' huandikwa ikiwa imenyooka kwenye kompyuta hii, na ikiwa imepinda kwenye ile. Kwa macho ni kijiji kimoja. Kwa kanzidata ni viwili. Tena lugha ya SQL, inayotumiwa kuiamuru kanzidata, hutumia alama hiyohiyo iliyonyooka kufungua na kufunga maneno, hivyo msimbo unaobandika jina moja kwa moja ndani ya amri hukatika katikati ya Mang'ula. Dawa yake inajulikana: amri iandikwe ikiwa na nafasi wazi, jina lipelekwe kando, na kila kijiji kipewe namba yake ya kudumu.

Hatari zaidi ni kisanduku kitupu. Mtego wa taa uliokaa usiku kucha bila kunasa mbu umeleta jibu: sifuri. Mtego ambao betri yake iliisha haujaleta jibu lolote. Msimbo wa kizembe ukigeuza utupu kuwa sifuri, mbu watapungua kwenye grafu huku bondeni wakiwa walewale.

Ndiyo maana mistari haifai kumwagwa moja kwa moja kwenye majedwali makuu. Hupokelewa kwanza pembeni, ikakaguliwa: kijiji kipo kwenye orodha? Tarehe iko ndani ya msimu wa utafiti? Saa imeandikwa kwa mfumo wa saa 24? Kisha yote huingizwa kwa muamala mmoja. Mstari mmoja ukikataa, hakuna unaoingia, na ripoti hutaja namba ya mstari wenye kasoro. Mwishoni, mistari iliyotoka hulinganishwa na iliyofika. Uingereza ilijifunza hilo Oktoba 2020, pale karibu wagonjwa 16,000 wa korona walipoachwa nje ya hesabu kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani halipokei zaidi ya mistari 65,536.

Taasisi ya Ifakara ilianza mapema zaidi, kwenye fomu zenyewe. Mwaka 2016 mtafiti Samson Kiware na wenzake walichapisha muundo wa jumla wa fomu na majedwali kwa tafiti za mbu: fomu za mpango wa utafiti hueleza mahali, tarehe na njia ya kunasa, fomu za sampuli hueleza aina na idadi, namba maalumu huziunganisha. Faida yake ni kwamba maana inaamuliwa kabla mbu wa kwanza hajanaswa. Na ripoti ya kasoro ikirudi kijijini wiki hiyohiyo, mkusanyaji bado anakumbuka kama betri iliisha. Baada ya mwaka, hakuna maktaba itakayomkumbusha.