Rojo la Mboga: Kitoweo cha Kuchovya Kinachofaa Kila Nyumba

Kutoka Kinangop na Limuru magari huteremka kwenda Nairobi yakiwa yamesheheni karoti, kabichi na viazi. Mboga zilizo nzuri huchaguliwa kwa ajili ya soko, na mara nyingi mkulima mwenyewe, aliyezipanda na kuzipalilia, hurudi jioni akala ugali kwa mchuzi mwepesi. Wahenga walisema kuwa mganga hajigangi. Naye karani wa mjini, ingawa hupita sokoni kila siku, aghalabu hushinda kwa mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi. Watu hawa wawili wamekosa kitu kimoja: mboga, tena mboga zilizotengenezwa kwa namna isiyopoteza nguvu zake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1931 ilitolewa taarifa ya Daktari John Boyd Orr na Daktari J. L. Gilks, waliochunguza chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai katika Kenya. Miongoni mwa mambo waliyoyaona ni kwamba kwa Wakikuyu majani ya mboga yaliliwa zaidi na wanawake kuliko wanaume. Hata leo hawakosekani wanaume wanaosukuma sahani ya majani kando wakisema kuwa hicho si chakula cha mtu mzima. Kwa watu kama hao, na kwa watoto wanaokataa mboga, rojo la kuchovya ni dawa njema, maana humo mboga huliwa pamoja na vitu vingine vitamu.

Kuponda chakula ni desturi ya zamani. Watu wa pwani hutengeneza chatini ya nazi au ya embe mbichi, na Wakikuyu huponda mukimo wa viazi, mahindi na majani ya maboga. Rojo linaloelezwa hapa ni ndugu wa vyakula hivyo, na vyombo vyake ni sufuria, kinu na mchi tu.

Vitu vinavyohitajiwa ni hivi: maharagwe makavu kikombe 1, karoti 3 za kadiri, fungu dogo la mchicha, punje 2 za kitunguu saumu, dania kidogo, ndimu 1, simsim vijiko 3 vikubwa, na chumvi nusu ya kijiko cha chai. Asiyepata simsim atumie vijiko 2 vya mafuta ya kupikia.

Maharagwe yachaguliwe, yaoshwe, kisha yalowekwe usiku kucha. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yatiwe maji mapya, nayo yachemke kwa nguvu kwa muda wa dakika 10 au zaidi, ndipo moto upunguzwe mpaka yalainike kabisa. Kuchemka huko kwa nguvu kusiachwe, kwa kuwa maharagwe yasiyoiva, hasa yale mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Karoti zikatwe vipande na kupikwa kwa maji machache, sufuria ikiwa imefunikwa. Zikikaribia kulainika, mchicha ulioshwao vizuri utiwe juu yake kwa dakika 3 au 4, kisha sufuria iepuliwe. Maji yaliyobaki yasimwagwe.

Simsim ikaangwe bila mafuta mpaka ianze kunukia, itwangwe pamoja na kitunguu saumu na chumvi. Kisha maharagwe, karoti na mchicha vitiwe kinuni na kupondwa mpaka liwe rojo zito, likilainishwa kwa yale maji ya mboga. Likiisha kupoa, likamuliwe ndimu na kunyunyiziwa dania iliyokatwakatwa. Rojo hili huchovywa kwa viazi vitamu, muhogo uliochemshwa, chapati au vipande vya tango, na karani aweza kulipaka juu ya mkate wake wa mchana.

Kila tendo hapa lina sababu. Wapishi wengi hutia magadi ili maharagwe yaive upesi na majani yakae na rangi yake, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka usiku nako husaidia maharagwe kuiva upesi. Vitamini nyingine hukimbilia majini, ndiyo sababu maji ya mboga hurudishwa katika rojo. Karoti na mchicha vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Mtoto akiikosa sana huanza kutoona wakati wa magharibi, na mwisho aweza kupofuka. Lakini kitu hicho hakiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, na hapo ndipo faida ya simsim. Ndimu nayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani, ambayo hujenga damu. Hutiwa mwisho kwa sababu moto hupunguza nguvu yake. Chai, kinyume chake, huzuia madini hayo, basi afadhali inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula.

Yako mambo ya kuangaliwa. Anayetumia njugu karanga badala ya simsim azitupe zote zilizoota ukungu au kugeuka rangi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na sumu ya namna hiyo hupatikana katika njugu pia, wala kupika hakuiondoi. Tango na dania, kwa kuwa huliwa mbichi, vioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa. Nyumba isiyo na friji ipike rojo la kuliwa siku ile ile tu.

Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye ameanza kula chakula pamoja na maziwa ya mama yake, aweza kupewa rojo hili likiwa laini kabisa, bila chumvi wala pilipili. Tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi hulijaza upesi bila kumpa nguvu ya kutosha, lakini vijiko vichache vya maharagwe, mboga na simsim vina chakula kingi ndani yake. Mzee asiye na meno naye hupata faida hiyo hiyo.

Basi siku ya kuvuna, kabla ya magunia kufungwa na gari kupakiwa, fungu la nyumbani na litengwe kwanza, tena katika zile mboga nzuri. Bei ya karoti chache ni ndogo, na macho ya mtoto yakiisha kupotea hayanunuliwi sokoni.