Fahamu: Kwa nini chembe za damu hushikana, kisha huachana?

Mwishoni mwa 2024, huduma ya dharura ya City Hospital, iliyoanza Winson Green, Birmingham, mwaka 1889, ilihamia hospitali mpya ya Smethwick. Mashine zimebadilika; kipimo cha ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama, kinachofahamika pia kwenye maabara za Dar es Salaam na Mombasa, bado ni kilekile.

Katika kipimo hicho, damu iliyozuiwa kuganda huwekwa kwenye kijibomba kilichosimama wima. Baada ya saa moja husomwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Mtu akiwa na uvimbe au maambukizi, protini ya faibrinojeni huongezeka kwenye plazima. Ndipo chembe hupangana kama sarafu, na safu hizo, kwa uzito wake, huzama haraka.

Mbona basi hazizibi mishipa? Kwa sababu damu ya katikati ya mshipa hukimbia, ya ukutani husuasua. Tofauti hiyo ya kasi huivuta safu huku na huku hadi ikatike. Gundi hii ya faibrinojeni ni dhaifu. Mwendo ukipungua, kwa mfano kwenye vena, chembe hurudi kushikana na damu huwa nzito. Ukiongezeka, huachana tena.

Kwa wenye selimundu, ugonjwa unaofahamika vizuri kwa familia nyingi zenye asili ya Afrika mjini Birmingham, chembe zilizopinda hazipangiki. ESR yaweza kuwa ndogo hata mgonjwa akiwa na maambukizi makali, na daktari asiyelikumbuka hilo atadanganyika.