Watumishi wa Zaka nao wahitaji kufundishwa na kushikwa mkono



Ndugu Waislamu, kila Ramadhani inapokaribia, misikiti yetu mingi huunda kamati ya Zaka. Baada ya swala ya Ijumaa husomwa majina matano au sita: mwalimu mstaafu, mwenye duka la vitambaa, kijana anayejua kompyuta, na mama mmoja wa kuwasemea akina mama. Hukabidhiwa daftari na kitabu cha stakabadhi, huombewa dua, na tangu hapo huachwa peke yao. Hakuna anayewauliza kama wanaijua hesabu ya nisabu, wala kama wamewahi kuketi mbele ya mjane na kumuuliza habari za umaskini wake bila ya kumvunjia heshima. Mwaka unapogeuka, wawili au watatu kati yao hukataa kurudi.

Mwandishi wa makala haya alipata kuwa karani wa kamati ya namna hiyo, katika msikiti wa mtaani ambao hakuna haja ya kuutaja. Mwaka huo orodha yetu ilikuwa na nyumba 63, na mchele uliokusanywa ulitosha nyumba 40. Ulikuwa usiku wa mwezi 28 Ramadhani. Mweka hazina wetu, mzee mwenye kuheshimiwa sana, alikuwa amechoka, nasi sote tulikuwa tumechoka. Tukakata shauri kwa haraka: wabaki wale waliokuja wenyewe kuuliza, na waondolewe wale ambao hawajatokea. Tuliona kuwa ni haki, kwani asiyekuja huenda shida yake si kubwa. Nyumba 23 zikafutwa kwa mstari wa kalamu.

Siku ya pili ya Idi ndipo imamu alipotukumbusha aya ya 273 ya Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu anawataja mafakiri ambao mtu asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Hao hasa ndio tuliowafuta. Aya hiyo sote tulikuwa tukiisoma, na wengine wetu tumeihifadhi. Hakuna aliyetufundisha kwamba ni kanuni ya kazi yetu.

Lawama zote alizibeba mzee yule. Walisema amewapa jamaa zake, naye hakuwa na maandishi ya kuonesha kwa nini huyu alipata na yule akakosa. Alirudisha funguo za ghala, na Ramadhani iliyofuata akawa anaswali tarawehe msikiti mwingine.

Ndugu msomaji, katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, Mwenyezi Mungu amewataja watu wa mafungu manane wanaostahiki Zaka. Baada ya mafakiri na maskini, hata kabla ya mtumwa anayekombolewa, mwenye deni na msafiri aliyekwama, wametajwa wanaoitumikia Zaka yenyewe. Hao wamepewa fungu lao, na fungu hilo ni ujira wa kazi, si sadaka ya kuwahurumia. Ndiyo maana hata mtumishi mwenye uwezo wake huruhusiwa kulipwa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika mwambao huu, hawakuiona kazi hii kuwa ya mtu mmoja mwenye daftari. Imam Nawawi, katika Minhaj yake, kitabu kilichosomeshwa katika darsa zetu tangu zama za mababu, anamtaja mkusanyaji, mwandishi, mgawaji, na yule anayewakusanya wenye mali. Wengine wamemuongeza anayewajua wenye kustahiki, yaani mwenyeji wa mtaa ambaye anajua ni nyumba gani moshi hautoki jikoni. Naye Imam Mawardi, aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita, alitofautisha watumishi wa aina mbili. Anayetumwa kuchukua kiasi kilichokwisha kukadiriwa anaweza kuwa si mjuzi wa hukumu za Zaka. Ama aliyeachiwa kupima na kuamua mwenyewe, huyo ni sharti awe mjuzi. Jiulize, kamati ya msikiti wako ni ya aina ipi? Bila shaka inapima na kuamua. Kwa hiyo elimu kwake ni sharti.

Na Mtume (S.A.W.) hakuwatuma watu gizani. Alipompeleka Muadh bin Jabal (R.A.) Yemen, alimwelekeza kwa utaratibu: aanze na nini, afuatishe nini, kwamba Zaka inachukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao, ajiepushe na kuchukua vile vilivyo bora kabisa katika mali za watu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Hayo ni mafunzo kabla ya kazi. Baada ya kazi kulikuwa na hesabu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya sadaka za Banu Sulaym, akarudi na kusema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari na kulikemea jambo lile mbele ya watu, akihoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake.

Visa hivyo viwili husimuliwa sana. Cha tatu husimuliwa kidogo, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Muadh hakupelekwa Yemen peke yake. Alipelekwa pamoja na Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), kila mmoja akiwa na sehemu yake ya nchi, na wote wawili wakausiwa kuwafanyia watu wepesi wala si uzito, na wao wenyewe wasikhitilafiane. Katika Sahih Bukhari imepokewa kuwa kila mmoja wao alipokuwa katika safari zake na kuukaribia mpaka wa mwenzake, alikwenda kumzuru. Na walizungumza nini? Waliulizana, pamoja na mengine, namna kila mmoja anavyosoma Qur'ani usiku. Muadh alieleza kuwa yeye hulala mwanzo wa usiku kisha akaamka kusoma, na kwamba usingizi wake nao anautarajia thawabu kama anavyoutarajia kisimamo chake.

Zingatia jambo hilo. Maafisa wawili wa dola changa, wamezungukwa na mashauri ya watu na mali zao, wanakutana mpakani na kuulizana habari za usingizi na ibada. Watumishi wetu wa Zaka hawana mpaka wa kukutania. Kamati ya msikiti huu haijui kamati ya msikiti wa pili imefanya nini, ijapokuwa hutenganishwa na barabara moja tu, na mara nyingine familia moja huandikwa kote kuwili ilhali jirani yake hakuandikwa popote.

Hasara ya kuidharau kazi hii si ya kukosa mchele tu. Tarehe 15 Septemba 2008, katikati ya Ramadhani, wanawake 21 walifariki kwa kukanyagana mjini Pasuruan, Java Mashariki, nchini Indonesia. Maelfu walijazana katika kichochoro mbele ya nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa na ada ya kugawa Zaka kwa mkono wake, na kila mtu alitarajia kupata rupia 30,000, ambazo wakati huo hazikufika dola nne za Marekani. Nchi hiyo ilikwisha kuwa na sheria ya Zaka tangu mwaka 1999 na chombo cha taifa tangu 2001. Lakini matajiri wengi hawakuviamini vyombo hivyo, wakaona ni afadhali kugawa wenyewe mlangoni. Msiba wa namna hiyo ukatokea tena Sana'a mwezi Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, ambapo watu zaidi ya 70 walipoteza maisha katika shule moja ya eneo la Babul Yemen, wakati wa ugawaji wa fedha za wafanyabiashara.

Tajiri asiyeiamini kamati hufungua mlango wake mwenyewe, na mbele ya mlango huo mwenye nguvu ndiye anayetangulia. Ajuza na mjamzito huwa chini.

Waindonesia hawakukaa kimya. Taasisi za Zaka zilikuwa zimekwisha kuunda jukwaa lao la pamoja tangu mwaka 1997, mahali pa kukutana na kubadilishana uzoefu. Sheria mpya ilifuata mwaka 2011, na leo mtumishi wa Zaka kule anaweza kusomeshwa, kupimwa kwa viwango vya taifa na kupewa cheti cha kazi hiyo. Karibu nasi zaidi, Sudan iliweka Zaka chini ya sheria tangu mwaka 1984, ikawa na kamati za mitaa za kuwatambua wahitaji, na mjini Khartoum ikawepo taasisi ya kusomesha elimu ya Zaka, kabla ya vita vilivyozuka Aprili 2023 kuvuruga kila kitu. Visiwani Zanzibar, sheria ya mwaka 2007 imeiweka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Zaka ni miongoni mwa mambo yanayoihusu. Kwingineko katika Afrika Mashariki mzigo mkubwa umebaki kwa kamati za misikiti na jumuiya, watu wa kujitolea.

Watu hao wafundishwe nini? Hesabu kwanza, kwa kuwa ndimo aibu nyingi hutokea. Mfanyabiashara akiuliza nisabu ni ngapi, ajibiwe kuwa ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za madini ya fedha, na aelezwe kuwa leo thamani hizo mbili zimeachana mbali sana, na kwa nini wanavyuoni wengine huchagua hii na wengine ile. Anayefunga hesabu zake kwa mwaka wa jua ajue kuwa mwaka wa Zaka ni wa mwezi mwandamo, una siku 354 au 355, hivyo asilimia 2.5 humpandia ikawa karibu 2.58. Kuna na mzozo wa kila mwaka juu ya Zakatul Fitri, kama itolewe chakula kama walivyosema Mashafii au thamani yake kama walivyojuzisha Mahanafi. Kamati isiyojua kuwa pande zote mbili zina wanavyuoni wake hugombana mpaka ikaingia Idi.

Lakini lililo zito kuliko hesabu ni adabu ya kumhoji mtu. Mama mwenye haya haulizwi kibarazani mbele ya foleni. Huendewa nyumbani, na anayekwenda ni mwanamke mwenzake. Anachokisema hakitoki nje ya kamati, na picha yake akipokea gunia haipigwi. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inaonya kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na sijui masimbulizi gani yanazidi picha inayozungushwa katika simu za mtaa mzima.

Naona msomaji atauliza: fedha za mafunzo zitoke wapi, na hizi ni haki za maskini? Ni swali la haki. Jibu limo katika lile fungu la watumishi, ambalo Mashafii wameliwekea mpaka wa moja ya nane. Na wapo watakaosema wao hawataki kulipwa, wanafanya kwa ajili ya Allah. Umar bin Khattab (R.A.) naye alisema hivyo zama za Mtume (S.A.W.), akaamrishwa apokee kisha, akitaka, akitoe sadaka. Alipokuwa Khalifa, akamwambia hivyo hivyo mtumishi wake wa sadaka aliyekataa ujira. Anayelipwa huweza kudaiwa kazi. Anayejitolea huonewa haya, hata anapokosea.

Ama baraza la watumishi wenyewe halihitaji fedha nyingi. Kamati za misikiti minne au mitano ya jirani zikutane mara moja kwa mwezi baada ya Isha, kahawa na kashata zikiwepo, kila mmoja alete kisa kimoja kilichomshinda, bila ya kutaja jina la mhitaji. Wawepo wanawake wanaokwenda majumbani, na awepo mwanachuoni wa kuulizwa. Atakayetaka kusema tu kwamba amechoka, naye asikilizwe. Mwezi mzuri wa kuanza ni Mfunguo Mosi, makosa ya Ramadhani yakiwa bado mabichi.

Ile orodha ya nyumba 63 bado ninayo, pamoja na mstari wa kalamu juu ya nyumba 23. Baraza likiundwa mtaani kwetu, hicho ndicho kisa nitakachokipeleka, na nimekwisha kumwendea mzee yule kumwomba tufuatane.